Kairoprakta yuko wapi, na nani anamlipa?

Siku hizi huna haja ya kusafiri ili umwone kairoprakta, yaani mnyooshaji wa uti wa mgongo na viungo kwa mikono, akiwa kazini. Fungua simu tu. Mtu amelala kwenye kitanda chembamba, mwenzake amemshika shingo, anaigeuza polepole kama anayetega sikio, kisha ghafla: kwa! Mgonjwa anacheka, wengine hutoa machozi, na chini ya video watu wanaulizana kliniki iko wapi. Mlio wenyewe, kwa wanaodhani ni mfupa uliorudi mahali pake, ni gesi inayojitenga ndani ya ute wa kiungo. Anayealisha vidole asubuhi anafanya jambo lilelile bila malipo.

Mimi mlio haunishughulishi. Linalonishughulisha ni lile swali la kliniki iko wapi.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha hesabu ya kairoprakta wa dunia nzima. Walipata 103,469 katika nchi 90, na takriban robo tatu yao wako Marekani, nchi yenye kama asilimia 4 tu ya watu wote duniani. Vyuo vinavyofundisha kazi hiyo vilikuwa 48 katika nchi 19. Nchi 68 kati ya zile 90 zinaitambua kisheria, 12 zimeipiga marufuku waziwazi. Afrika mafunzo yake yako Afrika Kusini: Durban University of Technology na University of Johannesburg, ambako mwanafunzi hukaa takriban miaka sita mpaka shahada ya uzamili. Wachache wanaofanya kazi Nairobi na miji mingine ya huku walisomea nje, na kuwahesabu hakuhitaji kikokotoo.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo sehemu ya kiunoni, na linakadiria watafika milioni 843 mwaka 2050. Wenye kuumwa wametawanyika dunia nzima, wanyooshaji wamerundikana upande mmoja. Mabishano mengi kuhusu kairopraktiki huanzia kwenye tiba: inafanya kazi au haifanyi? Nadhani tunaanzia mahali pasipofaa. Mwenendo wa kazi hii, mzuri na mbaya, unaeleweka vizuri zaidi ukitazama wanaoifanya wanakaa wapi na nani anawalipa.

Ilianza Davenport, Iowa, mwaka 1895. Daniel David Palmer, Mkanada aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku, alibonyeza pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa na shida ya kusikia, na akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Kutoka hapo Palmer akajenga nadharia kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizopotoka. Anatomia haiungi mkono habari ya masikio, na wengi katika taaluma hiyo leo hawaitegemei. Lakini Lillard alikuwa mtu mweusi, na zaidi ya karne moja baadaye kairoprakta weusi wa Marekani bado ni asilimia ndogo mno ya wenzao. Wanawake wamepiga hatua zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa chini ya mmoja kati ya watano, sasa wanakaribia theluthi moja, na Uingereza wamefika karibu nusu ya waliosajiliwa.

Kwa nini kairoprakta wa Marekani hufanya kazi peke yake, kwenye kliniki yake, mara nyingi kando ya duka la viatu na saluni? Jibu moja ni kwamba alifukuzwa. Kwa miaka mingi chama kikuu cha madaktari, American Medical Association, kiliwakataza wanachama wake kushirikiana na watu kiliowaona hawana sayansi: usimpe rufaa, usipokee mgonjwa wake. Mwaka 1976 kairoprakta kadhaa wakiongozwa na Chester Wilk walikipeleka chama hicho mahakamani, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba kilikuwa kimevunja sheria ya ushindani wa haki. Watetezi wa kairopraktiki hupenda kuisimulia kesi hii, na wana haki. Mtu uliyemfungia mlango wa hospitali usimshangae akitundika bango barabarani.

Hata hivyo, hiyo ni nusu ya habari. Palmer na mwanawe, B.J., nao walitaka kukaa mbali. Walihubiri tiba isiyochanganywa na dawa wala upasuaji, na wenzao waliothubutu kuchanganya walionekana wasaliti. Utengano uliletwa na pande zote mbili, na mrithi wake ni kijana wa leo anayehitimu na deni.

Deni hilo ndilo ningependa msomaji alitazame vizuri. Shahada ya kairopraktiki Marekani husomwa zaidi kwenye vyuo binafsi, na mkopo wa mwanafunzi unaweza kupita dola 150,000. Takwimu za serikali za mwaka 2023 ziliweka mshahara wa kati wa kairoprakta kwenye dola 76,530 kwa mwaka. Si umaskini, lakini ni chini sana ya kipato cha daktari wa kawaida wa huko. Kuna orodha ya serikali ya wahitimu wa fani za afya walioshindwa kulipa mikopo ya mpango wa zamani, na kwa muda mrefu kairoprakta walikuwa kundi kubwa kuliko yote ndani yake. Na sehemu kubwa yao, takriban theluthi moja, wamejiajiri.

Mpe kijana huyo kodi ya pango, mashine ya eksirei na bima isiyolipa ziara zote, kisha jiulize atafanya nini mgonjwa wa kiuno akipona baada ya ziara nne. Wapo wanaomwambia nenda salama. Wapo pia wanaouza vifurushi vya ziara 40 kwa malipo ya mkupuo, wanaompiga eksirei kila anayeingia, na wanaomshauri mama mwenye afya alete mtoto mchanga “kuangaliwa uti.” Wakosoaji huita huo utapeli wa taaluma nzima. Mimi naona biashara ya mtu mmoja inayotafuta kodi ya mwezi, ikiwa na nadharia ya mwaka 1895 tayari kabatini ya kuhalalisha ziara ya 41. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni ndogo, nakiri, maana pesa yake imekwenda vilevile. Kwa anayetunga sheria tofauti ni kubwa, kwa sababu tamaa haina dawa, ila namna ya kulipa inabadilishwa.

Mfano upo. Denmark kairoprakta husoma chuo kikuu cha Odense tangu mwaka 1994, na miaka ya mwanzo hukaa darasa moja na wanafunzi wa udaktari. Kliniki nyingi bado ni za binafsi, lakini zimefungwa na mkataba na serikali za mikoa, na sehemu ya ada hulipwa na umma. Uswisi imekwenda mbali zaidi: kairopraktiki ni moja ya fani tano zinazotajwa na sheria ya taaluma za tiba, pamoja na udaktari, meno, famasia na tiba ya mifugo. Huko idadi yao ni ndogo na wanajulikana. Aliyesoma anatomia benchi moja na daktari wa upasuaji wa kesho, anayejua mgonjwa mgumu atampeleka kwa nani, hana sababu kubwa ya kuahidi masikio yatafunguka.

Hata Marekani penyewe kuna sampuli ya namna hiyo. Tangu mwaka 2004 hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, zimeajiri kairoprakta kwa mshahara. Mwaka 2018 jaribio la wanajeshi 750 wenye maumivu ya kiuno lilionyesha kwamba waliopewa kairopraktiki juu ya matibabu ya kawaida walipata nafuu ya wastani katika wiki sita kuliko waliopewa matibabu ya kawaida pekee. Nafuu ya wastani. Si muujiza wa video. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 nao unaukubali unyooshaji wa uti kwa maumivu sugu ya kiuno, kwa masharti, ukiwa miongoni mwa njia kadhaa.

Wanaopinga watasema bado kuna shingo, na hapo sina ubishi nao. Kuzungusha shingo kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ni nadra, na wataalamu wanabishana kama mkono ndio uliochana au mgonjwa alifika na mshipa ulioanza kuchanika, ndiyo maana shingo ilimuuma. Kuhusu watoto, Australia imetoa somo: baada ya video ya mwaka 2018 ya mtoto mchanga aliyening’inizwa kichwa chini, bodi ya kairopraktiki ilisimamisha unyooshaji wa uti kwa walio chini ya miaka miwili, ikaja kuulegeza msimamo huo mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 mawaziri wa afya wakaja juu mpaka katazo likarudi. Bodi inayoundwa zaidi na kairoprakta wenyewe ilihitaji kusukumwa na wa nje.

Na huku kwetu? Wanaotaka mlango ufunguliwe wana hoja nzuri. Hamali wa Kariakoo anabeba magunia tangu ujana, bodaboda anatikiswa na mashimo siku nzima, na wote wawili dawa yao ni vidonge vya maumivu vya duka la jirani au mkandaji wa mtaani anayejua mafuta ya nazi na hajui dalili za kansa ya uti. Mtu mwenye miaka sita ya chuo ni bora kuliko wote hao.

Lakini huyo wa miaka sita atapanga wapi? Kwa ada aliyolipa Durban, atapanga mitaa ya wenye nacho, Westlands, Nyali au Masaki, na hamali hatamwona kamwe. Tayari tunao wataalamu wa fiziotherapia: Kenya ina baraza lao kwa sheria ya mwaka 2014, na hospitali ya KCMC ya Moshi, Tanzania, imewafundisha kwa miaka mingi. Wao ndio walioko hospitali za umma, na wao pia hawatoshi. Shilingi ya serikali ikiwa moja, mimi ningeiweka kwao kwanza. Kairoprakta akija aajiriwe kwenye chumba cha pili cha idara hiyohiyo, ajulikane ni nani, na lile neno “Dokta” mbele ya jina lake lifuatwe na maelezo, kwa sababu mgonjwa wa Kiswahili akisikia dokta haulizi wa nini.

Hilo la cheo halihitaji hata bajeti. Linahitaji daftari la usajili ambalo mtu wa kawaida anaweza kulisoma kwenye simu ileile aliyotazamia video.