Mkate wa Haraka, Jumapili Nzima

Jamani, aliyeweka mtandaoni maelekezo ya "mkate wa haraka" ana oveni, ana stima, na hana majirani. Mimi nakaa ploti ya Kaptembwo, hapa Nakuru.

Tangu Nakuru ifanywe jiji Desemba 2021, ninachokiona kikipanda bila kuchoka ni bei tu. Mkate wa gramu 400 umefika 65 pale dukani kwetu, na nina watoto watatu ambao hawali mkate, wanauvuta kama moshi. Chai haijapoa, karatasi ya mkate inapepea mezani peke yake. Kwa hivyo Jumamosi nikatangaza: kuanzia leo, hapa mkate tunajipikia. Mama Brayo hakujibu. Alichukua mkoba akaenda chama. Nimemwoa miaka 12, najua kunyamaza kule ni hotuba.

Hamira hatukuwa nayo, na hata ingekuwepo, ingetaka kungojewa iumuke. Simu ikaniambia kuna mkate wa watu wa Ayalandi usiotaka hamira wala kukandwa: nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko cha chai cha bekingi soda, chumvi, na mililita 400 za mala, yale maziwa yaliyochachuka. Koroga, tia motoni, dakika 45 basi. Hata mtoto anaweza, wakasema. Nikamtazama Brayo. Brayo akatazama viatu vyake.

Kabatini kulikuwa na mkebe umeandikwa SODA kwa kalamu, ndani unga mweupe. Soda ni soda, nikajiambia. Mkate ukatoka wa manjano kama kiini cha yai la kienyeji, ukinukia nguo zilizotoka kufuliwa. Brayo akatafuna mara mbili akasimama. "Dadi, hii inaosha mdomo." Kuku wa landilodi walidonoa kidogo wakakimbilia maji. Nilikuwa tayari kulaumu mwinuko, maana Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari na huenda unga hupata kizunguzungu, ila Mama Brayo alirudi, akanusa tangu mlangoni, akafungua mkebe.

"Baba Brayo, haya ni magadi yangu ya githeri."

Kumbe soda hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Yale ya kulainisha maharagwe ni makali zaidi. Ukiyatia kwenye unga wa ngano yanaugeuza manjano na kukuachia sabuni kooni. Mkebe sasa umehamishwa hadi rafu ya juu, na mimi ndiye mrefu hapa nyumbani, kwa hivyo sielewi unafichwa nani.

Jumapili nikanunua bekingi soda yenyewe. Duka la kwanza halina mala. La pili halina mala. Mama Chebet wa mlango wa nne akanihurumia, akanimiminia mursik, maziwa machachu ya Wakalenjin, kutoka kwenye kibuyu chake. Uchachu ni uchachu, bekingi soda haiulizi maziwa ni ya kabila gani. Ila mursik ina masizi ya kuni, na unga wangu ukawa rangi ya simiti.

Sasa hapa ndipo haraka ilipo, na hakuna aliyenionya. Soda ikigusana na uchachu inatoa gesi papo hapo. Hamira ni kama karani wa ofisi ya serikali: unamwacha saa mbili nzima, ukirudi bado anajinyoosha. Soda ni makanga. Ukizubaa, gari limeondoka. Mimi nimeshakoroga, viputo vinapasuka pwa pwa pwa, ndipo nakumbuka jiko sijawasha.

Mkebe wa makaa shilingi mia, na yamenyeshewa. Nikapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka bega likalia. Landilodi akapita. Mtu anayekudai kodi ya mwezi huwezi kumwambia una haraka ya mkate. Nikamsalimia, nikauliza ya nyumbani, nikauliza ya ng'ombe, huku gesi yangu inahama beseni. Alipoondoka akaja Mama Shiru.

"Baba Brayo, hii haijakandwa!"

"Mama Shiru, haikandwi, ukiikanda inakuwa ngu—"

"Wewe nyamaza. Nimepika chapati za harusi mimi." Mikono yote miwili ndani, hadi kwenye bangili.

Nilipomnyang'anya nikaufinyanga duara, nikachukua kisu nikachora msalaba juu ili joto lifike katikati. Mama Shiru akashusha sauti. "Pole, Baba Brayo. Mmepata msiba?"

Mchanga chini ya sufuria kubwa, sufuria ndogo ndani, kifuniko, makaa juu ya kifuniko. Zile dakika 45 zikawa saa moja na nusu, watoto wamepangwa ukutani kama wanangojea matatu ya jioni.

Sasa, maelekezo yanasema ukitaka kujua mkate umeiva, ugeuze, ugonge tako lake. Ukisikika mtupu ndani, tayari. Nikageuza kwa kitambaa, nikainama, sikio karibu. Ko, ko, ko.

"Karibuuu!" Mama Chebet akaitika kutoka mlango wa nne.

Nikanyamaza. Labda hakusikia vizuri. Nikagonga tena, polepole.

"Nakuja!"

Akaja na kikombe chake mkononi, kwani si mursik ni yake? Mama Shiru akaja kwa haki ya mkandaji. Landilodi, aliyekuwa ameshafika barabarani, akakumbuka kuna kitu alisahau kuniambia. Ganda lilikuwa gumu, kisu kilipiga kelele kikilipasua. Ndani, na nalisema hili kwa shingo upande, ulikuwa laini na mtamu, wa kijivu hivyohivyo, moshi ukipanda kutoka kwenye ule msalaba. Nilipata kona. Nusu ya kona, maana Brayo alinitazama kwa macho ya mama yake.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa dukani, 65 zangu mkononi.

"Nasikia umefungua bekari," mwenye duka akasema.

Nikamwambia anipe mkate.

"Huu wangu wa silesi," akauliza, "au unataka wa simiti?"