Ukienda kununua trekta kuukuu, injini iache mwisho

Mwaka ule nilionunua trekta yangu ya kwanza, shamba nililimiwa na trekta ya jirani, tena kwa kumlipa kila ekari kama mtu asiye na kitu. Yangu imepaki chini ya mwembe, rangi nyekundu inang'aa, ukipiga stata inaitika hapohapo, lakini plau haikai juu. Unanyanyua inapanda vizuri tu, ukifika mwisho wa shamba unataka kugeuza unakuta ishashuka inalima barabara ya watu. Watoto wa shule wanasimama kucheka na mimi niko juu ya siti najifanya kuna kitu nakagua.

Sasa siku hizi watu wananiuliza sana, mkuu nina ekari kumi na tano, hela ya trekta mpya sina, nichukue mtumba upi, na swali linalofuata siku zote ni injini yake ikoje, ina hospawa ngapi. Mi nawaambia injini iache mwisho. Wengine wananiona mjuaji lakini nina sababu.

Chukua hizi Massey Ferguson za zamani, 135, 165, 240, 290, ambazo ndo nyingi huku kwetu Manyara. Zote hizo utakuta injini ya Perkins. Ya 135 na 240 ni silinda tatu, lita mbili na nusu, haina tabo, haina kompyuta, haina sensa ya kukusumbua. Ikichoka unabadilisha ringi, pistoni, sleevu na gasketi, na hivyo vitu Arusha vipo, ukikosa Babati mjini unapiga simu kesho vinashuka na basi. Sababu ya kuwepo ni kwamba 135 ilianza kuundwa Coventry, Uingereza, katikati ya miaka ya 60, ikaachwa miaka ya 70, lakini viwanda vya TAFE kule India na Millat kule Lahore Pakistani waliendelea miaka na miaka kutengeneza ndugu zake, kwahiyo spea hazikufa na trekta. Kwa lugha nyingine injini ndo sehemu ambayo kila fundi wa kijijini anaijua hadi amefumba macho.

Haidroliki, yaani ule mfumo wa oili unaonyanyua plau, ni habari nyingine. Pampu ya Massey hizi haiko nje unakoiona, iko ndani ya nyumba ya gia, imezama kwenye oili, juu yake kuna kifuniko kizito cha chuma na siti juu ya hicho kifuniko. Kuifikia ni kazi ya wanaume watatu na mnyororo, na ukiwa na bahati mbaya trekta inatenganishwa vipande viwili kama mkate. Yangu ilifunguliwa mwezi wa kumi na mbili, mvua ndo kwanza zimeanza, ikafungwa wiki tatu baadaye, wenye ng'ombe wote washapanda. Fundi mwenyewe mzee wa watu aliniuliza kitu kimoja tu, "Kijana, ulivyoinunua ulinyanyua nayo nini?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimesikiliza mlio wa injini nusu saa nzima, dalali anakanyaga mafuta, mimi natikisa kichwa kama vile naelewa.

Kwahiyo sasa nikienda kuangalia trekta naanza nyuma. Natafuta plau, ya kukodi au ya jirani yoyote, ya kufunga pale pale. Trekta iendeshwe kwanza ipate moto, maana oili ikiwa ya baridi ni nzito na inaficha ugonjwa, halafu nanyanyua plau mpaka juu na kuiacha injini ikiunguruma taratibu. Naiangalia mikono ya nyuma inayobeba plau. Kama imetulia, sawa. Kama inashuka kidogo inajipandisha, inashuka inajipandisha, kama mjusi anavyotikisa kichwa ukutani, basi kuna mahali presha inavuja na pampu inahangaika kufidia. Halafu nazima injini. Kushuka polepole kwa trekta ya umri huo sina ugomvi nako, lakini ikidondoka kama mfuko wa sementi hapo sitaki hata kusikia bei.

Baada ya hapo naenda kwenye oili ya nyuma. Oili hiyo ni moja, gia na haidroliki wanachangia, karibu lita 30, na kwenye hizi trekta zinazolala nje mvua inaingia kupitia zile raba za mkono wa gia zikishapasuka. Chomoa dipstiki. Ukiona rangi ya chai ya maziwa jua ni maji. Si lazima uikimbie, lakini piga hesabu ya oili yote mpya na kilichokwisha kuliwa na kutu huko ndani.

Kitu kingine ambacho madalali hawasemi (labda hawajui), baadhi ya 135 na 165 zina Multi-Power, kile kiswichi cha kubadili spidi bila kukanyaga klachi. Ikiwa kwenye low, yaani spidi ndogo, injini haikusaidii kushika breki, trekta inaserereka kama friwili ya baiskeli. Mtu wa Magugu kwenye tambarare hatagundua, ila wewe wa Mbulu unateremka na trela la mahindi, aisee, utamjua Mungu. Mi ningechukua ya gia za kawaida.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. 135 au 240, zote za hospawa arobaini na kitu, ni plau ya sahani mbili basi, kuifunga sahani tatu kwenye udongo mweusi wa mbuga ni kuionea. Ukitaka sahani tatu na kulimia watu kibiashara ndo uanze kuongelea 290. Ford 5000 nayo ni chuma kweli, wanaoipenda wana haki yao, ila kabla hujatoa hela muulize fundi wa kata yako kama ameshawahi kufungua hata moja. Akianza kukuna kichwa una jibu.

Na umwambie muuzaji asiwashe mpaka ufike. Ukifika weka kiganja kwenye bloku ya injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu amekificha asubuhi, mara nyingi ni kugoma kuwaka na baridi.

Juzi nilimsindikiza shemeji yangu kuangalia 240 moja upande wa Dareda. Mbaya hiyo trekta, boneti imebondeka, moshi wa bluu, ukifungua kifuniko cha oili inapumua kama ng'ombe aliyekimbizwa. Shemeji alishageuka anarudi kwenye bodaboda. Nikamwambia subiri, tukafunga plau, tukanyanyua, tukazima, tukaenda kunywa chai kwa mama ntilie. Tumerudi mikono imeshuka kama vidole vinne. Moshi ule ndo ukatusaidia kushusha bei maana mwenye mali alikuwa anauonea aibu, na hela iliyobaki ikanunua ringi na sleevu, fundi akamaliza siku mbili. Rangi amesema atapaka mwakani, mi nimemwambia aanze na bushi za ekseli ya mbele, gurudumu la kushoto linacheza.