Chongli, Jilin au Altay? Theluji ya karibu na theluji ya kweli

Vyuo vingi vya China hufunga katikati ya Januari. Mwanafunzi wa kutoka Mwanza au Eldoret aliyeko Beijing anabaki na wiki kadhaa za kukaa bwenini, na wenzake wa Kichina wakimwalika akateleze kwenye theluji, jina la kwanza atakalotajiwa ni Chongli, wilaya yenye viwanja vya kuteleza. Sina ugomvi na Chongli. Ugomvi wangu ni na wanaoitaja kana kwamba hakuna pengine.

Sifa yake kubwa ni ukaribu. Iko Zhangjiakou, mkoani Hebei, na tangu reli ya mwendo kasi ilipofunguliwa mwishoni mwa 2019, kujiandaa kwa Olimpiki ya 2022, safari kutoka stesheni ya Qinghe mjini Beijing hadi Taizicheng inachukua takriban saa moja. Viwanja vya Genting na Thaiwoo viko jirani na stesheni ya Taizicheng, na vya Wanlong na Fulong si mbali. Unaweza kuondoka alfajiri, ukaanguka mchana kutwa, na usiku ukalala kitandani mwako. Kwa mtu anayeishi kwa posho ya ufadhili, kukwepa gharama ya hoteli si jambo dogo.

Kasoro yake ni theluji yenyewe. Upepo wa baridi kutoka Siberia unafika pale ukiwa mkavu, na mvua za eneo hilo kwa sehemu kubwa hunyesha majira ya joto, si ya baridi. Kwa hiyo theluji hutengenezwa: mashine hurusha matone madogo ya maji hewani, yakaganda kabla ya kutua, na kinachorundikana chini ni chembe za duara zilizoshikamana. Hata mashindano ya 2022 yalitegemea theluji ya namna hiyo karibu yote. Mtetezi wa Chongli atakujibu kwamba kwa anayejifunza hiyo ni neema, maana mteremko unakuwa sawasawa kila siku, wakati kwenye theluji laini yenye kina mgeni huzama magotini na kushindwa hata kugeuka. Ana hoja. Ila nyonga zako zitakueleza tofauti ya kuangukia godoro na kuangukia sakafu, na mgeni huanguka sana. Kisha kuna macho. Siku nyingi utakachokiona ni utepe mweupe umetandikwa juu ya kilima cha kahawia. Mtu aliyekulia penye jua mwaka mzima hasafiri kwa ajili ya mteremko peke yake. Anataka kuona dunia imebadilika rangi.

Ndiyo maana wengine huelekea Yabuli, kilomita 200 hivi kutoka mji wa Harbin, kaskazini-mashariki. Ni uwanja wenye historia: Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia ilifika huko mwaka 1996 na tena 2025. Ukiunganisha safari na majumba ya barafu ya Harbin, umeona mengi kwa nauli moja. Lakini hali ya hewa ya huko haina utani. Nyuzi -25 ni jambo la kawaida Januari; simu inazimika mfukoni ikiwa na chaji, na vinyweleo vya pua vinaganda ukivuta pumzi. Anayeteleza vizuri mwili unampata joto. Anayejifunza husimama, husubiri, huokota mbao zake za kutelezea, na baridi inamkuta hapohapo. Chongli nayo usiku hushuka chini ya -20, tena kwa upepo, ila unajua kwamba treni ya kurudi ipo.

Mimi ningechagua Jilin, mji mwingine wa kaskazini-mashariki, na sitaficha kwamba sababu yangu ya kwanza ni miti. Juu ya mji huo kuna bwawa la Fengman, lililozaa Ziwa Songhua. Uso wa ziwa unaganda, lakini maji yanayotoka vilindini kupitia mitambo ya umeme bado yana joto kidogo juu ya sifuri, hivyo mto unapita mjini bila kuganda. Mvuke wake hunasa kwenye matawi ya mierebi na kugeuka barafu nyeupe. Ukibahatika asubuhi tulivu, kingo za mto mzima zinakuwa kama zimechanua maua. Kutoka hapo hadi uwanja wa Songhua, unaolitazama ziwa lilelile kutoka juu, ni mwendo mfupi wa gari. Uwanja wa Beidahu uko mbali zaidi na mteremko wake ni mrefu zaidi: kimo kutoka kileleni hadi chini ni karibu mita 870, na umekaa mahali ambapo upepo hausumbui sana. Ubaya wa Jilin ni njia. Kutoka Beijing ni saa tano au sita za treni ya kasi, kwa hiyo usiende kwa siku moja.

Na Altay, mkoani Xinjiang, kaskazini-magharibi kabisa mwa China? Theluji yake ni ya mbinguni, tele, na msimu ni mrefu kuliko wa mashariki. Ila ni ndege, mara nyingi mbili, na kwa kuwa nchi nzima inafuata saa za Beijing, mwezi Januari jua linachomoza karibu saa nne asubuhi. Aliyekwisha kujua kuteleza aende. Anayejifunza atakuwa amelipa nauli ya kwenda kuangukia theluji bora.

Fedha hiyo afadhali uimalize kwa mwalimu. Kwenye viwanja vikubwa, mwalimu binafsi mara nyingi anagharimu zaidi ya tiketi ya siku, na hapo wengi hukata kona, wakafundishwa na rafiki aliyeanza mwaka jana. Kama hujui hata utaupenda mchezo wenyewe, jaribu kwanza siku moja Nanshan, wilayani Miyun, bado uko Beijing. Uwanja ni mdogo, lakini mteremko wa wanaoanza unakutosha. Glovu nunua zako, na suruali ya jinzi iache bwenini, ikilowa haikauki.

Kuhusu tarehe, Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, na wiki hiyo bei hupanda kila mahali huku foleni za lifti zikirefuka. Nenda kabla yake, katikati ya wiki. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na ukinunua mtandaoni pasipoti ya mgeni lazima iwe imeshahakikiwa kwenye mfumo wa reli, kwa hiyo hilo lifanye mapema.