Kovu limepona, moyo je?

Binti aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, akapasuliwa akiwa mdogo, hukua akiambiwa amepona. Kovu limefifia katikati ya kifua, anachagua blauzi za kulificha, basi. Miaka inapita. Siku anafika kliniki ana mimba ya wiki 9, anatoa kwenye mkoba vidonge anavyomeza kila jioni, na muuguzi akisoma jina la dawa ananyamaza.

Ukimya ule ndio ugomvi wangu. Mazungumzo ya uzazi yangeanza naye akiwa na miaka 15.

Chukua wafarini, dawa ya wenye vali ya chuma, yaani mlango bandia ndani ya moyo, inayozuia damu isigande. Hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndipo inapoweza kumharibu pua na mifupa. Wiki ya 6 wangapi wanajua wameshika mimba? Kuiacha ghafla kwa hofu nako ni hatari, maana damu huweza kuganda kwenye vali. Kubadilisha dawa kunapangwa mapema, na daktari wa moyo na wa uzazi wakiwa meza moja.

Mimba yenyewe ni mzigo. Damu mwilini huongezeka karibu nusu, na moyo uliowahi kushonwa lazima uisukume yote. Hata baada ya kujifungua hatari haijaisha: siku za mwanzo, nyumba nzima ikimshangilia mtoto, ndizo za kumwangalia mama kwa karibu.

Wengine hawaambiwi chochote ila neno moja: usizae. Mwenye tundu dogo lililozibwa vizuri, hatari yake huwa ndogo. Mwenye shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu hushauriwa asibebe mimba kabisa, kwani anaweza kufa. Kuwatia hawa wawili kapu moja ni uvivu, nasema wazi. Na huyo aliyekatazwa hutoka mlangoni bila hata kuulizwa anatumia njia gani ya kupanga uzazi! Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo si vya kila mwenye moyo mbovu. Kwa wengi kijiti au kitanzi hufaa zaidi.

Mtoto je, atarithi? Kwa watu wote, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Mama akiwa nayo uwezekano huongezeka, kiasi gani inategemea aina ya kasoro, lakini walio wengi huzaa watoto wenye mioyo mizima. Moyo wa mtoto huweza kupimwa angali tumboni, karibu na wiki ya 20. Wakwe wenye maneno yao waambiwe hilo.

Nanyi akina mama wa mabinti hawa: ile karatasi ya upasuaji mliyoikunja kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo, mpeni binti mwenyewe. Daktari ataanza kwa kuuliza kasoro ilikuwa ipi na ilirekebishwaje, naye alipopasuliwa alikuwa na miaka 2.