Binti wa afande, fimbo za gofu na hesabu ya dola

Afande mmoja aliyehamishiwa Tabora kutoka Dar es Salaam alinisimamisha sokoni, mkononi ana mfuko wa maembe. "Mwalimu, hivi gofu inaweza kweli kumpeleka mtoto chuo Marekani?"

Binti yake yuko kidato cha tatu. Alianza kushika fimbo akiwa darasa la tano, kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo kule Dar. Huku kwetu anafanyia mazoezi kwenye uwanja wa mpira wa miguu, alfajiri, kabla wenye mpira wao hawajafika. Kuna wakala amemwandikia baba kwenye WhatsApp akimwahidi "ufadhili wa asilimia mia". Ila dola kwanza.

Nilimjibu kwamba inawezekana, na tangu siku ile nimekuwa nikijilaumu. "Inawezekana" ni neno la kweli ambalo limeshawauzia watu viwanja hewa.

Vijana wetu kusoma Marekani kwa nguvu ya michezo si hadithi. Suleiman Nyambui alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa kijana wa miaka 15, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Wanaoamini safari ya gofu huwataja hawa haraka. Lakini mbio hupimwa kwa saa, na sekunde ya Musoma haina tofauti na ya Texas. Urefu wa Thabeet ulionekana tangu mlangoni. Mcheza gofu hana bahati hiyo. Kocha wa chuo anataka kuona matokeo ya mashindano: mashimo 36 au 54 (raundi mbili au tatu), uwanja una urefu gani, waliocheza naye ni akina nani. Video ya pigo zuri itamfanya akutazame mara ya pili, basi. Ukimwambia umemaliza raundi kwa mikwaju 74 (kwenye gofu michache ndiyo mizuri) kwenye uwanja mfupi asioujua, atakushukuru na kufunga barua yako.

Hapo ndipo jiografia inapomuuma mtoto wa Tabora. Mashindano yenye uzito yako Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na Moshi. Kila moja ni nauli, malazi, ada ya kushiriki, na Jumatatu ambayo hayuko darasani. Mwenzake aliyekulia jirani na uwanja wa Arusha anatoka shuleni, anapiga mashimo tisa, anarudi kula. Huyu wetu anapanda basi hadi Dodoma, anaunganisha na treni ya umeme, na anapofika amechoka kabla hajapiga mpira wa kwanza.

Tuje kwenye fedha, maana wakala hapa ndipo alipokuwa mfupi wa maneno. Kwa miaka mingi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vikubwa, kiliiruhusu timu ya gofu ya wanaume ya daraja la kwanza, la juu kati ya madaraja yake matatu, kutoa ufadhili kamili 4.5 tu, na ya wanawake 6. Kocha alizikatakata sehemu hizo kama keki ya harusi, huyu robo, yule nusu. Tangu msimu wa 2025/26, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakamani ya kuwalipa wanamichezo havina tena ukomo huo, ila timu isizidi wachezaji 9. Chuo tajiri kinaweza kuwafadhili wote tisa. Lakini hizo nafasi tisa zinagombewa na vijana wa Sweden, Thailand, Uingereza na Afrika Kusini, na kocha hana tena nafasi ya ziada kwa anayekuja kujifunza. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, japo lina misaada ya kitaaluma na ya kipato.

Chukua chuo cha dola 40,000 kwa mwaka, ada, chumba na chakula (vipo vinavyozidi 80,000). Ukipata nusu, zimebaki 20,000. Kwa miaka minne ni 80,000. Kabla ya kukupa fomu ya I-20 unayoombea viza ya mwanafunzi, chuo kitakudai uthibitisho kwamba fedha ya mwaka wa kwanza ipo. Kazi ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, si zaidi. Afande alipoisikia hesabu hii aliweka chini mfuko wa maembe.

Hata hivyo sikumwambia aache, na sababu ni kwamba mtoto ni wa kike. Ukomo wa zamani uliwapa wasichana ufadhili mwingi kuliko wavulana, daraja la pili vilevile, 5.4 kwa 3.6, wakati wavulana wanaocheza gofu duniani ni wengi zaidi. Angekuwa kaka yake, ningesema fimbo ziwe burudani ya Jumamosi. Kwake yeye mlango ni mwembamba, ila upo.

Sababu ya pili ni alama zake. NCAA iliondoa sharti la SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, Januari 2023, lakini kwa daraja la kwanza bado inadai masomo 16 ya msingi na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4 kwa vipimo vyao. Chuo chenyewe kinaweza kudai zaidi. Mtoto mwenye alama nzuri anaweza kuunganisha fedha ya gofu na ya taaluma, na kocha anampenda kwa sababu anamgharimu kidogo. Tabora ni mji wa shule. Tabora Boys na Tabora Girls ni za vipaji maalumu, na Nyerere mwenyewe alisoma hapa. Kama kuna kitu mkoa huu unaweza kumpa mcheza gofu, ni daftari. Ukiondoa fimbo, je, kinabaki cha kumpeleka chuo? Kama hakibaki, sioni gofu itabeba nini.

Na akifika, hajamaliza. Timu hupeleka wachezaji watano kwenye shindano, alama nne bora zikahesabiwa. Wengine hubaki chuoni, na mchujo hurudiwa mara kwa mara. Binti aliyezoea kuwa wa kwanza Lugalo anaweza kukaa msimu mzima bila kusafiri, kwenye baridi, mbali na mama yake.

Halafu viza. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa zuio la sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na viza za wanafunzi zimo. Wakala hakuligusa hilo. Mtoto wa kidato cha tatu bado ana muda, na amri za namna hii hubadilika, lakini kumlipa mtu leo kwa safari ambayo leo haipo ni kumnunua mbuzi aliye porini. Uskoti nako vyuo vya Stirling na St Andrews vina ufadhili wa gofu, ingawa ada ya mgeni Uingereza nayo si mchezo.

Mawakala waaminifu wapo. Ila anuani za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo, na barua ya mtoto mwenyewe yenye matokeo yake haina gharama. Kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kumjibu kuhusu usajili kabla ya tarehe 15 Juni inayofuata darasa la 10 la Kimarekani, kwa hiyo kimya cha mwanzo si lazima kiwe kukataliwa.

Wiki iliyopita nilimkuta afande tena. Wakala hajalipwa. Binti amefungua daftari la kuandikia kila raundi anayocheza, tarehe, uwanja na mikwaju, na likizo ijayo anakwenda kwa shangazi yake Dar, karibu na Lugalo. Amebeba fimbo saba, na vitabu vya fizikia.