Mtoto hajaua sanaa yangu

Tangu nijifungue, watu wakinikuta pale mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, cha kwanza wananiuliza mtoto hajambo, cha pili, "kwahiyo kuchora ndo basi tena?" Wanauliza kwa huruma kabisa kama vile nimefiwa. Leo nawajibu.

Kabla ya mtoto nilikua natumia rangi za mafuta, zile za makopo wanazopakia milango, hizo hizo ambazo mchoraji Edward Said Tingatinga alianza nazo kule Dar miaka ya 1960. Sasa rangi hizo bila kuzimuliwa na tina haziendi, na harufu ya tina kwenye chumba kimoja na kichanga wapi na wapi. Nikafunga makopo yote nikayapeleka kwa mama. Siku ile nililia sana.

Kilichonirudisha ni usiku. Mtoto anaamka saa tisa, nakaa naye dirishani nanyonyesha, na kule chini ziwa lote limejaa taa za wavuvi wa dagaa utasema kuna mji umejengwa juu ya maji. Nimezaliwa hapahapa Kigoma, taa zile nimeziona toka mdogo ila kuziangalia kweli sijawahi, saa tisa si nilikua nimelala zangu. Nikachukua mkaa jikoni, nikachana boksi la sabuni, mkono mmoja mtoto mkono mwingine mkaa, nikapaka giza kwanza mpaka boksi likawa jeusi tii, alafu kwa kile kitambaa cha kumfutia akicheua nikawa nafuta nukta moja moja, na kila nilipofuta rangi ya boksi inatokea kwa chini, ile ya njano-njano kama mwanga wa karabai. Mtoto kalala, na mimi nimemaliza.

Zamani nilikua nasubiri mzuka, hata siku tatu nzima. Na nilikua nachora nikiwaza mtalii anayeenda Gombe atanunua nini, matokeo yake sokwe, sokwe, sokwe tu. Siku hizi nachora vitu ambavyo mwanangu atakuja kuviona akikaa dirishani hapo.

Ila msije mkanielewa vibaya mkadhani mtoto peke yake ndo kaniletea haya. Ni mama yangu anayekuja mchana kumbeba mgongoni ili nipate lisaa limoja la kukaa na kazi, asingekuwepo yeye ningekua nimeacha, na wapo wanawake wengi wenye kipaji walioacha kwa sababu hiyo tu, hawakua na wa kuwashikia mtoto. Baba wa mwanangu naye ni msanii, anapiga gitaa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kama gitaa ndo basi. Hili linaniuma jamani.

Sasa hivi ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wamepumzika na ziwa ni tupu. Wakirudi majini, boksi langu liko dirishani.