Bunduki ya kulungu na bega linaloogopa

Mpwa wangu anaondoka Malindi mwezi wa nane kwenda Pennsylvania, jimbo nililoishi mimi miaka 14. Karatasi zake za ukaazi wa kudumu zimetoka. Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani Shela, kahawa chungu mkononi. Nilidhani ataniuliza habari za kazi au za baridi. Akaniuliza, "Mjomba, nikifika ninunue bunduki gani ya kulungu?" Kumbe jibu alikuwa nalo tayari kwenye simu yake: .300 Winchester Magnum, mtutu wa inchi 26. Moyo ulinipasuka, kwa sababu ndiyo hiyohiyo niliyouziwa mimi.

Naandika kwa ajili yake, na kwa vijana wengine wa pwani walioko huko ambao kila mwaka ikikaribia Novemba hunipigia kuuliza jambo hilihili.

Kwanza nilitoe hili njiani. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo ipo mpaka leo. Paa nunga waliobaki katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pua na mdomo na Malindi, ni wachache mno. Anayewategea anatuibia sote. Ninayoyasema hapa ni ya Marekani, ambako kulungu ni tele, majimbo hutoa leseni kila mwaka, na mwanafunzi wa uwindaji hupitia somo la usalama wa silaha kabla ya kupewa leseni yake ya kwanza. Huko huwezi hata kuingia msituni na nguo yoyote uipendayo: Pennsylvania hutaka uvae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni, ili mwenzako asikudhanie mnyama.

Na huyo ninayemwita kulungu si kulungu wetu. Ana mkia mweupe kwa chini, akishtuka huuinua kama bendera, na pembe za dume zina matawi. Huanguka kila mwaka, zikaota nyingine. Ukoo wake kwetu haupo. Katika Afrika nzima, kwa asili utaukuta kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Dume mzima wa misitu niliyowinda mimi ana kilo 60 mpaka 90, yaani uzito wa mtu. Si mbogo. Mapafu na moyo wake viko nyuma ya mguu wa mbele, na mahali pa kupiga ni duara la sentimita 20 hivi, sawa na kisahani cha tende. Kila swali la kaliba, yaani ukubwa wa risasi, na la mtutu linarudi kwenye duara hilo.

Mwaka wangu wa kwanza muuzaji aliniambia bunduki inayotosha dubu haiwezi kushindwa na kulungu. Nikaona ni maneno ya busara. Nikaenda kiwanja cha shabaha kuipima, nikapiga risasi tatu, na usiku ule bega likavilia damu, jeusi kama embe lililodondoka kutoka juu. Sikupiga ya nne. Nikajiambia nguvu ninayo mkononi, inatosha.

Msimu ulipofunguliwa nikamwona dume hatua 60 mbele yangu, amesimama ubavu, anakula mbegu za mwaloni. Ubavu wote wangu. Nikasoma Bismillahi, nikafyatua, na macho yangu yalikuwa yamefumba kabla risasi haijatoka. Akaruka na kukimbia. Nilipofika pale aliposimama, damu kwenye majani makavu ilikuwa ya kahawia, imechanganyika na ukijani wa chakula. Nilikuwa nimempiga tumbo. Nikamfuata tone kwa tone mpaka giza likaniziba. Asubuhi nilimkuta kando ya kijito, paja lote limeliwa na koyote, wale mbweha wakubwa wa huko. Nyama haikufaa kuliwa, na yeye alikuwa ameteseka usiku kucha kwa sababu yangu. Sijalisahau jicho lake.

Rafiki mmoja ndiye aliyenifunua macho. Tulirudi kiwanjani, akanijazia bunduki mwenyewe, na katikati ya risasi nzima akaingiza moja isiyo na baruti bila kuniambia. Nilipoifikia, bunduki haikulia, lakini mtutu ulichovya chini karibu shubiri nzima. Mikono yangu ilikuwa ikiukimbia mshindo kabla haujaja. Hakuna darubini wala kaliba itakayomsaidia mtu anayefyatua hivyo.

Kwa hiyo nasema wazi: kaliba ya kulungu ichaguliwe kwa bega lako kwanza, kisha kwa mnyama. Teke la .300 Winchester Magnum, yaani vile inavyokupiga begani ukifyatua, linakaribia mara tatu ya lile la .243 Winchester. Ile ya kwanza ilitoka mwaka 1963 kwa wanyama wakubwa na masafa marefu. Katika msitu ambako humwoni kulungu zaidi ya yadi 100, nguvu ile yote inapotelea ardhini nyuma yake, na wewe unabaki na bega linaloogopa.

Namba hizi zinawatisha wengi, na kumbe ni upana wa risasi tu kwa inchi. .308 ni milimita 7.8; .243 ni milimita 6.2. Ya .243 ilizaliwa mwaka 1955 kwa kuchukua ganda la .308, la mwaka 1952, na kulibana shingo lishike risasi nyembamba. Kwa kulungu, ya .308 hubeba risasi ya greni 150, karibu gramu 9.7, na ya .243 hubeba ya greni 100, gramu 6.5. Katikati yao kuna 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 (hii namba yake ni ya milimita, si ya inchi), teke lake la upole, na risasi zake siku hizi ni rahisi kupata. Wazee wa huko watakusifia .30-06 ya mwaka 1906 na .270 ya mwaka 1925, na hawasemi uongo, ni kaliba njema. Hata .30-30 ya mwaka 1895 bado inaangusha kulungu vichakani.

Mimi leo nina .308. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kushika bunduki, namtakia .243. Najua watakaomcheka dukani kwamba ni ya watoto na ya wanawake. Awaache wacheke. Colorado, ambako kulungu ni wakubwa kuliko hawa wa mashariki, sheria inaanzia upana wa .24, na yake inapita. La kuangalia ni aina ya risasi: asinunue zile nyepesi za greni 55 au 60, zilizotengenezwa kwa wanyama waharibifu wadogo. Hizo hupasukia juujuu zikamwacha kulungu na jeraha pana lisilofika mapafuni. Achukue ya greni 95 au 100 iliyoandikwa kwamba ni ya kulungu.

Utotoni kwetu alikuwa akija mzee mmoja wa Kiwaata kutoka upande wa Chakama, akimletea babu asali. Watu wake walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, na pinde zao zilikuwa nzito, nyingine zikihitaji mvuto wa zaidi ya pauni 100. Tulipomwomba atuonyeshe namna ya kuvuta, alikataa kutukabidhi upinde wake. Alisema kila mtu hukatiwa upinde kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto anayepapatikia upinde wa baba hujifunza kukosa. Mimi nililisikia hilo nikiwa na miaka tisa, na nikalielewa nikiwa na miaka 31, nimekaa kando ya kijito na mzoga.

Sasa mtutu. Watu wanadhani mtutu mrefu ndio unaolenga vizuri. Urefu unaiongezea risasi mwendo, basi. Mtutu mfupi mnene unaweza kulenga sawasawa na mrefu, au kuushinda, kwa kuwa unatikisika kidogo. Na mwendo wenyewe si mwingi. Kwa .308, kila inchi unayopunguza inakupokonya futi 20 hadi 25 hivi kwa sekunde. Ukishuka kutoka inchi 24 mpaka 20 unapoteza kama mita 25 au 30 kwa sekunde, katika mwendo wa mita 860 hivi. Kulungu wa yadi 80 hatajua tofauti hiyo.

Atakachokijua ni mtutu wako ukigonga tawi. Ile yangu ya inchi 26 niliwahi kuipandisha mtini kwenye kijukwaa cha kukalia, baridi kali, glavu nene mkononi, majike watatu wakinijia taratibu. Nilipougeuza mtutu upande wao ukagota kwenye shina, tak, na masikio sita yakanigeukia kwa pamoja. Mikia mieupe ndiyo niliyoiona ya mwisho. Vichakani, garini, mtini, inchi nne ni nyingi kuliko zinavyoonekana dukani.

Lakini asikate mpaka inchi 16 ambazo sheria ya Marekani inaruhusu bila kibali maalumu. Mlipuko unakuwa karibu mno na uso, kelele inaumiza, na kijana anayeanza hurudi palepale kwenye hofu. Na kaliba haziko sawa katika hili. Ya .308 huchoma baruti yake mapema, kwa hiyo inchi 20 inaitosha. Ya .243 inasukuma gesi ile kupitia tundu jembamba na nguvu yake kubwa ni mwendo, hivyo nisingeishusha chini ya inchi 22. Hiyo ndiyo namtakia: .243, inchi 22, ya kukoki kwa mkono, maana Pennsylvania hairuhusu bunduki inayojikoki yenyewe kwa kulungu. Na vifuniko vya masikio kila anapofyatua kiwanjani, bila kukosa.

Kwetu Waislamu liko jingine, na muuzaji hakujua kulitaja. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitofautisha silaha inayopenya na ile inayoua kwa kugonga kwa ubapa wake. Masheikh wengi wa leo wanaihesabu risasi kuwa ni yenye kupenya, ukiwa umesoma Bismillahi wakati wa kufyatua. Ukimfikia mnyama angali hai, unamchinja. Kwa hiyo kumpiga mahali pake na kumfikia upesi ni ibada pia, na kaliba inayokufanya ufumbe macho inakuharibia mlo na inakuharibia amana.

Nilimwambia yote haya barazani, kahawa ikapoa. Kisha nikachukua mpini wa jembe, nikauweka begani mwake nimpime, na kweli mkono wake ni mfupi kuliko wangu. Kitako cha kawaida cha bunduki kitamzidi, na itabidi fundi akipunguze kidogo. Msimu unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba. Kuanzia Septemba mpaka siku hiyo anayo miezi mitatu karibu. Nimemwagiza apige akiwa amekaa chini, bila meza, kwenye sahani ya karatasi ya sentimita 20, yadi 100, risasi chache tu kila wiki. Siku atakayotia tano mfululizo ndani ya sahani, macho wazi, anipigie simu, hata kama Malindi ni saa nane za usiku.